Saa mbili ya nani?

Msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa nyota, nikuulize swali dogo. Wewe ulizaliwa saa ngapi? Sikuulizi tarehe, maana tarehe imo kwenye kitambulisho chako, iwe ya kweli au ya kukadiriwa na chifu. Nauliza saa. Wengi wetu hatuijui. Ukimuuliza mama atakwambia, "Ilikuwa usiku, mvua ikinyesha," na mazungumzo yataishia hapo.

Mimi ninaijua kwa hakika saa ya kuzaliwa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo si mtoto wangu wala ndugu yangu. Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa na umri wa miaka 13. Niliiandika vibaya, na kosa hilo lilikaa miaka 23 kabla ya mtu yeyote kulitambua. Leo nataka nikusimulie habari zake, hasa wewe mzazi, na wewe mwanafunzi unayependa kusema kuwa mambo ya saa na tarehe ni madogo.

Ilikuwa katikati ya Agosti 1974, mjini Homa Bay. Shule zilikuwa zimefungwa na mimi nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Mama yangu alikuwa akifanya kazi ya kupika na kufua katika nyumba ya Mhindi mmoja mwenye duka, si mbali na gati ambako meli za kutoka Kisumu zilikuwa zikitia nanga. Wakati wa likizo nami nilikuwa nikisaidia dukani: kupima sukari, kumimina mafuta ya taa, kufagia veranda alipokaa fundi na cherehani yake. Mzee mwenye duka alikuwa mtu wa maneno machache lakini mwenye mkono mkunjufu. Karo yangu ya muhula ule aliilipa yeye.

Siku hiyo Mzee alikuwa Kisumu akinunua bidhaa. Mkewe alishikwa na uchungu mchana, na jua lilipotua hapakuwa na njia tena ya kumpeleka popote. Wakaitwa mkunga na jirani mmoja wa Kihindi, na mama yangu akawa anachemsha maji. Mimi niliambiwa nikae dukani, milango imefungwa, na kazi yangu ikawa moja: mtoto akilia, nitazame saa ya ukutani na kuandika. Yule jirani alinisisitizia mara tatu. Nilifikiri ni kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa.

Mtoto alilia. Nilitazama ukutani: mshale mfupi ulikuwa kwenye nane, mrefu umepita kumi na mbili kidogo. Msomaji, unakumbuka jinsi mwalimu wa Kiswahili alivyotuchapa kwa kusoma saa "kizungu"? Mshale ukiwa kwenye nane, saa ni mbili. Basi nikachukua kalamu na karatasi ya kufungia sukari, nikaandika kwa mwandiko mzuri: "2 usiku". Nilijiona msomi.

Mzee aliporejea kesho yake alipewa mtoto wa kike kwa mkono mmoja na kile kikaratasi kwa mkono wa pili. Alisoma 2, na 2 kwake ilikuwa 2. Aliikunja karatasi akaitia mfukoni mwa shati.

Sasa ngoja nikueleze kwa nini saa ile ilikuwa na uzito, maana mimi mwenyewe nilielezwa polepole, jioni baada ya jioni, pale kwenye kaunta.

Nyota tunazozisoma kwenye magazeti ni kumi na mbili, na zinafuata jua. Ukizaliwa mwishoni mwa Machi wewe ni Punda, basi, hata kama ulizaliwa asubuhi au usiku. Wahindi wanazo hizo kumi na mbili pia, ingawa hesabu yao inapishana na ile ya Wazungu kwa takriban digrii 24, hivyo mtu aweza kuwa Simba gazetini na Kaa kwa kuhani wake. Lakini nyota wanayoiita ya kuzaliwa hasa ni ya mwezi. Mwezi huizunguka mbingu yote kwa siku 27 na saa chache. Wahenga wa Kihindi waliigawa njia hiyo katika vituo 27, kila kimoja digrii 13 na theluthi, na kila kituo wakakiita nakshatra. Kila usiku mwezi hulala karibu na nyota tofauti, na pale ulipolala wewe ukizaliwa, hiyo ndiyo nyota yako.

Mzee alinisimulia kisa chake. Mwezi, wanayemwita Chandra, alioa mabinti 27 wa mzee mmoja aitwaye Daksha. Akaahidi kulala kila usiku katika nyumba ya mke mmoja. Lakini moyo wake ulikuwa kwa Rohini, na huko ndiko alikozidi kukaa. Wale wengine wakaenda kumlilia baba yao. Daksha akamlaani mkwewe akonde mpaka aishe. Miungu ikaingilia kati, laana ikapunguzwa: atakonda nusu ya mwezi na kunenepa nusu nyingine. Sisi tuliokulia katika maboma ya wake wengi, ambako kila mke ana nyumba yake na kila jioni macho yanatazama baba anaelekea mlango upi, hatukuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Wala jambo hili si geni katika pwani yetu. Waarabu wanahesabu vituo 28, wanaviita manazili, na wanavyuoni wa falaki wa Lamu, Mombasa na Unguja wamevijua kwa karne nyingi. Kituo cha tatu cha Kihindi, Krittika, ni kundi lile lile la nyota ambalo Waarabu wanaliita Thurayya na Waswahili wanaliita Kilimia, kwa kuwa linawaambia watu wakati wa kulima. Wazee husema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mbingu ni moja. Kila mtu ameipa majina ya kazi zake.

Kila kituo hugawanywa tena robo nne. Ishirini na saba mara nne ni 108, na ndiyo idadi ya shanga katika tasbihi ya Kihindi. Kila robo ina sauti yake, na jina la mtoto hupaswa kuanza kwa sauti hiyo. Sasa fanya hesabu, msomaji. Mwezi hukaa katika kituo kimoja kwa siku moja hivi. Robo ya siku ni saa sita. Na tofauti kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu ni saa ngapi?

Saa sita barabara.

Siku ya sita baada ya kuzaliwa kwa mtoto, walifanya sherehe wanayoiita Chhathi. Usiku huo huwekwa kalamu na karatasi tupu karibu na mtoto, kwa imani kwamba mungu wa kike Vidhata atakuja kuandika maisha yake yatakavyokuwa. Mimi ndiye niliyetumwa kuleta kalamu kutoka dukani. Nilileta ile ile niliyoandikia "2 usiku". Leo nikikumbuka jambo hilo nasisimka mwili, lakini siku ile nilichowaza ni peremende tu.

Mzee alirudi Kisumu kwa mzee wa dini mwenye kalenda ya nyota wanayoiita panchang. Akapewa hati. Kwa saa mbili baada ya usiku wa manane, mwezi ulikuwa umeshaingia Ashlesha, kituo cha tisa, na alama yake ni nyoka aliyejikunja. Robo ya kwanza, sauti "Di". Shangazi yake mtoto akampa jina la sauti hiyo. Ashlesha haisifiwi. Mtoto aliyezaliwa humo hufanyiwa ibada ya kutuliza nyota mwezi unaporejea kituo kile kile, siku ya 27, na Mzee aliigharimia bila kunung'unika. Lakini liko jambo ambalo ibada haikulifuta katika vinywa vya watu: husemwa kwamba binti wa Ashlesha akiolewa humdhuru mama mkwe. Wako wataalamu wanaosema robo ya kwanza haina neno. Mama wakwe hawasomi robo.

Mama yangu hakuwa na habari na yote haya. Yeye alikuwa amekwisha kumpa mtoto jina lake siku ile ile, na ndilo alilomwitia kila alipombeba mgongoni: Atieno.

Wajaluo wanaosoma makala haya wanacheka tayari. Kwetu saa ya kuzaliwa haiandikwi, inaitwa. Akinyi ni wa asubuhi, Anyango wa jua lililoanza kupanda, Achieng' wa jua kali, Adhiambo wa jioni. Atieno ni wa usiku ulioingia. Aliyezaliwa baada ya usiku wa manane ni Aduor, na wa alfajiri ni Amondi. Tuna pia majina ya juogi, ambapo mtoto hulia bila kukoma mpaka litajwe jina la mzee fulani aliyefariki, naye anyamaze. Bibi yangu aliyaamini hayo kama Mzee alivyoiamini panchang. Sina haki ya kumcheka mmoja na kumwacha mwingine.

Miaka ilipita. Nilifaulu, nikasoma, nikawa mwalimu. Mzee naye alihamisha duka lake hadi mji wa Migori, ambako barabara ya kwenda Isebania na Tanzania ilikuwa inaleta wateja kuliko gati la Homa Bay lililoanza kupoa. Nami nikapata uhamisho kwenda shule moja karibu na Migori mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nikawa nikipita dukani mwishoni mwa mwezi kununua chaki na madaftari, na Mzee akinipunguzia bei kwa jina la "mwalimu wetu".

Yule mtoto alikuwa amekuwa msichana mwenye akili kali, akiziweka hesabu zote za duka kichwani kabla hajaziandika. Kijaluo alikizungumza bila kigugumizi, na wateja wengi walimwita Atieno, wakidhani ni utani tu.

Siku moja mwaka 1997 nilimkuta Mzee peke yake, uso umesawijika. Nikamwuliza kulikoni. Akaniambia kwamba posa ya binti yake imevunjika, na hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilikuwa ya familia ya Kisumu, ya pili ya Mwanza. Vijana walipendezwa, wazazi walizungumza, hata alama za nyota zilitosha. Wahindi hulinganisha hati za wachumba kwa alama 36, na 18 zikipatikana mambo huweza kuendelea. Lakini kila mara mama wa kijana akisikia neno Ashlesha, barua zilikatika.

"Ni nyota tu, mwalimu," akasema. "Saa nyingine chache, angekuwa Pushya, nyota njema kuliko zote. Lakini alizaliwa saa nane za usiku. Nifanye nini?"

Msomaji, nilishika kaunta. Nikamwomba anionyeshe hati. Ilikuwa imeandikwa Kigujarati, na wakati ulihesabiwa kwa ghati, zile sehemu 60 za siku tangu jua kuchomoza, kila moja dakika 24. Hapakuwa na namba ambayo mimi au hata mkewe angeweza kuitambua kwa haraka. Lakini ndani ya hati, kimekunjwa, kilikuwamo kikaratasi cha kufungia sukari. "2 usiku". Mwandiko ulikuwa mzuri kweli.

Ningependa kukwambia kwamba nilisema papo hapo. Sikusema. Nililipia chaki nikaondoka. Usiku huo nilijidanganya kwamba huenda nimesahau, kwamba mshale labda ulikuwa kwenye mbili, kwamba mtoto wa miaka 13 anajua nini. Jumamosi nilipanda matatu hadi nyumbani Homa Bay kumwona mama. Sikumweleza lolote. Nilimwuliza tu: "Mama, yule mtoto wa dukani, kwa nini ulimwita Atieno?"

Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji ni maji. "Kwani alizaliwa lini? Taarifa ya habari ya saa moja ilikuwa imekwisha kusomwa redioni. Ugali wenu ulikuwa bado jikoni. Ulikuwa usiku wa giza, mwezi haupo, na wavuvi wa omena ndio kwanza wanawasha karabai ziwani. Angekuwa wa usiku wa manane ningemwita Aduor. Mimi siwezi kumpa mtoto jina la uongo."

Jumatatu niliomba ruhusa nikaenda dukani. Niliwakuta wote watatu. Niliwaeleza kila kitu, nimesimama, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Nilipomaliza, Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamgeukia mkewe akamwuliza kama hakujua. Mama yule akajibu kwa uchungu: "Mimi nilikuwa ninapigania roho yangu na ya mtoto. Saa ningeitazama wapi? Tangu lini ukaniuliza?" Ni kweli. Kwa miaka 23 karatasi iliulizwa, mama mzazi hakuulizwa.

Mzee hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alisema tu, "Kijana, ulikuwa mtoto," akaenda nyuma kwenye stoo.

Aliyenikata maini ni Atieno. Alinitazama machoni akasema: "Asante, mwalimu. Sasa niambie. Kama saa yako ya uongo ingekuwa ndiyo ya nyota njema, na ya kweli ndiyo ya nyoka, ungekuja?"

Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Hati mpya ilitengenezwa. Saa mbili ya Kiswahili ilimtoa binti kwa nyoka ikamweka Pushya, robo ya nne, nyota ambayo jina lake linahusu kulisha na kustawisha. Mzee aliituma Mwanza kwa furaha. Jibu lilikuja fupi: watu wa huko hawakuamini. Nani asiyejua kwamba mzazi mwenye binti aliyekwama anaweza kununua hati nyingine? Kwa hiyo ukweli ulipofika ulionekana kama hila. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kosa likikaa muda mrefu hupata heshima ya ukweli, na ukweli ukichelewa huvaa sura ya uongo.

Atieno mwenyewe alizichukua hati zote mbili akazifungia kabatini, akamwambia baba yake kwa adabu kwamba hakuna inayotoka tena. Mwaka 1999 aliolewa Nairobi, na familia ambayo haikuomba karatasi. Mama mkwe wake, ninavyosikia, ameishi hadi kupita miaka tisini na bado anamlalamikia kuhusu chumvi.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sikuandika ili nikwambie nyota ni upuuzi. Nimewaona watu wakipata utulivu kwa kuamini kwamba mbingu iliwajua tangu pumzi ya kwanza. Wala sikuandika ili tuwacheke Wahindi. Miaka kadhaa baadaye binti yangu mwenyewe alipoleta mchumba, shangazi zangu walifanya uchunguzi wao wa Kijaluo, wakaja na uso mzito: ukoo wa kijana ule, walisema, una mchawi wa usiku, yule anayekimbia uchi na kugonga milango. Boma zima lilikuwa tayari kukataa mahari. Mimi nikauliza swali moja tu, lile nililojifunza Migori: nani alimwona, na lini? Tukafuatilia. Ilikuwa maneno ya mtu mmoja aliyegombana na babu yake kijana juu ya mpaka wa shamba. Miaka arobaini nyuma mtu alisema neno akiwa na hasira, na mjukuu ndiye aliyekuwa akidaiwa. Binti yangu aliolewa huko, na ninao wajukuu wawili.

Kwa hiyo ombi langu kwako ni mawili. La kwanza ni dogo: mtoto wako akizaliwa, iandike saa, kwa maneno kamili. Usiandike namba tupu. Andika asubuhi au usiku, andika saa ya Kiswahili au ya Kizungu, andika kama mvua ilikuwa inanyesha na nani alikuwepo. Muulize mama yake kabla hajasahau. Hujui siku gani mtu atasimama mbele ya kaunta akihitaji neno hilo.

La pili ni kubwa. Ukiambiwa kuwa mtu fulani hafai kwa sababu ya nyota yake, ukoo wake, au kitu kilichoandikwa kabla hajajua kusema, usiishie kuuliza kimeandikwa nini. Uliza ni nani aliyeshika kalamu. Huenda ukakuta ni mtoto wa miaka 13 dukani, usiku, anayejiona msomi.

Mama yangu amekwisha kufariki. Siku ya mazishi yake, kule nyumbani Homa Bay, gari lilisimama barabarani akashuka mwanamke mmoja aliyevaa sari nyeupe, akapita katikati ya waombolezaji mpaka kwenye jeneza. Wageni waliuliza huyu Mhindi ni nani. Alijibu mwenyewe, kwa Kijaluo, kwamba yeye ni Atieno, na huyu aliyelala hapa ndiye aliyempa jina.